Mwaka Mahari Yangu Ilipokuwa Gari

Siku tuliyomzika kaka yangu Ngasa, hapa Bariadi, aliyesoma wasifu wake alifika mahali akainua kichwa, akasema marehemu alimkomboa dada yake kwa ng'ombe kumi na tano, na vijana wajifunze kwake namna ya kuwa mwanamume. Watu wakaguna kwa kukubali. Wanawake niliokaa nao kwenye mkeka wakanigeukia, mmoja akanishika goti. Dada mwenyewe ni mimi, Limi. Niliangalia chini, nikawa ninang'oa nyuzi za mkeka, maana ningeinua uso ningesema, na msibani si mahali pa kusema. Tangu siku hiyo sina raha. Kaka nilimpenda, na mazuri yake nayajua kuliko huyo msomaji. Lakini ng'ombe wale hawakutoka kwake. Nina miaka arobaini na moja, nimeshakuwa bibi, nina gereji yangu na mikono ambayo haitakati hata nikiisugua kwa mchanga na sabuni ya unga, na sitaki nife watu wakiendelea kuusifu uongo ambao na mimi niliutengeneza.

Mwaka ninaousema ni ule ambao ofisi za wilaya zilikuwa zinajengwa Lagangabilili. Nilitoka Ipililo, kwa mume wangu Maduhu, asubuhi moja kabla ya mvua za kwanza, na binti yangu Sayi wa miaka sita, na mfuko mmoja wa nguo. Maduhu alikuwa akinipiga kwa miaka, na mimi kwa miaka nilikuwa nikisema atabadilika. Safari hii alinipiga kofi la sikio la kushoto. Sikio likalia siku tatu, na lilipoacha kulia lilikuwa limeacha na kusikia. Nikasema basi. Kwetu mwanamke akirudi nyumbani, swali la kwanza haliwi umeumia wapi. Linakuwa ng'ombe wako wapi. Ng'ombe wa mahari wakirudishwa kwa mume, mwanamke amefunguliwa, na mtoto anabaki upande wa mama. Wasiporudishwa, mama na mtoto wanarudi kwa mwenye ng'ombe. Swali hilo halikunitisha hata kidogo. Baba alikuwa ameshafariki, ng'ombe wangu wote walikuwa mikononi mwa kaka, na njia nzima nilikuwa ninamtajia Sayi rangi zao.

Nilipoingia uani nikakuta mbuzi watatu wamelala katikati ya zizi. Mbele ya nyumba limesimama gari kubwa jeupe la milango mitatu, refu juu ya matairi, na lile bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo, ambalo ndilo lililoyapa magari hayo jina la mkonga. Wifi yangu, Mama Shija, alikuwa anapepeta karanga. Nikamwuliza, "Wifi, ng'ombe wako malishoni?" Alielekeza kidevu kwenye gari, akaendelea kupepeta. Mimi nikacheka, nikidhani ni utani wa mawifi. Nilicheka peke yangu.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo. Upande mmoja magunia ya mbegu za pamba, upande mwingine tairi mbili kuukuu, springi iliyovunjika na madebe ya oili. Hata uji tulioukoroga humo ulinuka dizeli. Ukuta ulikuwa mwembamba, na mchana jua likiwa kali kaka na mkewe walipenda kukaa upande wa pili kwenye kivuli, wakizungumza wakidhani nimelala. Huko ndiko nilikosikia namna gari lilivyonunuliwa, mara nyingi, maana wifi alikuwa hachoki kuuliza. Kaka alikwenda Mwanza na fedha za ng'ombe kiunoni, akakuta mradi mmoja uliofungwa unauza magari yake. Hakwenda na fundi. Alisema mtu aliyenunua ng'ombe minadani miaka kumi na mitano hahitaji fundi. Akalizunguka gari kama anavyomzunguka dume: akapapasa ubavu, akafungua mlango akaangalia kiti kama anayefunua mdomo kuangalia meno, akalirudisha nyuma na kulipeleka mbele kuona kama linachechemea. Rangi ilikuwa inang'aa. Liliwaka kwa kugusa. "Nilijua tu limeshiba," alikuwa akisema, na wifi akamjibu siku moja, kwa sauti ya chini, "Umeshiba wewe, kwa mahari ya mwenzio. Kule kwake akiwa anapigwa, sisi tunampanda."

Maduhu alikuja na baba yake mdogo kabla ya mwezi kwisha. Wifi aliwapikia ugali na sato, baadaye akawapelekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, kwa sababu hata mtu aliyekuja kukuchukua anakula kwanza. Mimi nilikuwa jikoni, sikio zima nimeliegemeza kwenye mlango. Nilisikia wakisalimiana kwa utulivu, mwadila, mwadila mhola, wakaulizana hali ya mvua huko na huko, na kila walivyozidi kuwa wapole ndivyo nilivyozidi kujibana mlangoni. Kisha yule mzee akanawa, akasema, "Ngasa, hatukuja kugombana. Tumemfuata mke wetu, au ng'ombe zetu."

"Ng'ombe wapo," kaka akasema. "Wapo kwa namna ya gari. Mkitaka, chukueni gari."

"Nimeliona wakati tunaingia. Zizi lenu lina matairi." Maduhu alicheka, yule mzee hakucheka. "Gari halizai, baba. Nikilichukua leo, mwaka kesho ni lile lile, limezeeka. Mimi nilitoa ng'ombe, nataka ng'ombe." Wakabishana hadi chai ikapoa, na mwisho wakapeana muda: mpaka ununuzi wa pamba ufungwe. Siku mizani zitakapoondolewa vituoni, yule mzee alisema, watakuja, na wataondoka ama na ng'ombe kumi na tano au na watu wawili. Maduhu hakuwa ameniuliza hali. Wakati wa kutoka alipita mlango wa jikoni, akasema bila kusimama, "Ukirudi utanieleza." Sayi alijificha nyuma ya pipa la maji mpaka walipopotea barabarani, na nilipomtoa alikuwa amejikojolea.

Basi mpango ukawa mmoja, hakukuwa na mwingine. Mvua zikianza, barabara za mbugani zinakuwa tope jeusi linalomeza gari dogo mpaka milangoni, na watu wa serikali wanaojenga wilaya mpya wanahitaji mkonga. Gari lifanye kazi msimu wote, likae zima, kisha liuzwe kwa mtu wa kulipa ng'ombe. Kaka alilieleza jambo hilo kama amelimaliza tayari. Nikamwambia, "Kuanzia kesho hulitii ufunguo mpaka nimeliangalia."

"Wewe unajua nini juu ya gari?"

"Sijui. Wewe ulijua, na matokeo yake ninalala na springi."

Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akanipeleka kwa fundi Hamisi, mtu wa Kigoma mwenye gereji ya mabati nyuma ya soko. Hamisi alitandika gunia, akaingia chini ya gari, akanyamaza. Nilijifunza hapo kwamba fundi akilalamika una nafuu; akinyamaza, omba Mungu. Alipotoka alitueleza taratibu, kama daktari. Chesisi ilikuwa imeungwa mara mbili na kupakwa lami ili mshono usionekane. Springi moja ilikuwa imefungwa kwa vipande vya mpira. Maji ya radieta yalikuwa na rangi ya chai. Saa ya kilomita ilikuwa imevuka laki nne, halafu waya wake ukakatwa, kwa hiyo umri wenyewe haujulikani. "Mlipolinunua lilikuwa la moto?" aliuliza. Kaka akasema liliwaka kama kiberiti. Hamisi akatikisa kichwa. "Walishalipasha, bwana. Gari lililotembea hivi linanunuliwa likiwa baridi. Unafika alfajiri, unaweka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, unaaga, unarudi kwenu." Kaka alitazama viatu vyake. Namhurumia sasa; siku ile nilitamani kumtupia spana.

Nilianza kushinda gereji. Asubuhi ninapima oili kabla injini haijawashwa, ninamwaga maji yaliyojikusanya chini ya chujio la dizeli, ninakaza boliti za springi moja moja. Jioni likirudi ninakwangua tope kwa jembe la palizi na kupiga grisi kila mahali penye chuchu yake, kwa maana tope la mbugani likikauka kwenye viungo linasaga kama jiwe la kusagia mtama. Wanaume waliokuja gereji walinitania, mafuta yamekuwa manukato, nani atakuoa tena. Niliwaambia niliyeolewa naye ndiye aliyenileta. Hamisi hakunitania. Siku moja alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini inayonguruma, mpini akauegemeza kwenye mfupa karibu na sikio, akafumba macho kusikiliza. "Ndani kuna mambo mengi, dada. Hii inakuchagulia moja." Akanipa. Nikasikiliza kwa sikio la kulia, nikasikia kweli kama vijito vinavyotofautiana. Kisha, sijui kwa nini, nikahamishia ule mpini nyuma ya sikio la kushoto, lililokufa. Nikasikia. Injini nzima ikaingia kichwani kupitia mfupa, safi, bila kelele za soko, upande ambao kwa miezi haukuwa na kitu. Nililia pale pale. Hamisi akadhani nimeungua, akakimbilia maji.

Mvua zilipokolea nikawa ninakwenda na gari. Kaka anaendesha, mimi nyuma na sanduku la spana, katikati maofisa na ramani zao, wengine kutoka Moshi, wengine Mtwara, wakilalamika walivyotupwa huku kwenye tope na kwamba hata mtandao haushiki. Mmoja aliwahi kusema, hajui mimi ni nani, "Gari hili likifa leo, mimi ninaomba uhamisho." Nikafikiri, wewe una uhamisho wa kuomba. Kwenye mto mmoja karibu na Lagangabilili tulikuta maji yamepanda. Kaka akaingia. Maji yakafika milangoni, yakaanza kuchungulia miguuni mwetu, injini ikabadilisha sauti, ikawa nzito, na maofisa wakakunja miguu juu ya viti. Mimi nilikuwa nimeshika bomba la kiti kwa mikono miwili, ninahesabu kimoyomoyo: likivuta maji, injini imekufa, ikifa, Ipililo. Tulipopanda ukingo wa pili walipiga makofi. Nilishuka nikatapika nyuma ya kichaka. Mwaka mzima ulikuwa hivyo. Kila mlio mpya ulikuwa unanirudisha kwa Maduhu, na kila mlio tuliouondoa ulinipa wiki mbili za kupumua. Springi tulizibadilisha, klachi tuliibadilisha, chesisi ikaungwa upya na mtu anayejua, na fedha nyingine za kazi zikaishia hapo hapo.

Mvua zikakatika, pamba ikapasuka mashambani, ununuzi ukafunguliwa. Wanunuzi wa gari walikuja wenye fedha kidogo na maneno mengi. Mizani zilikuwa zimebakiza wiki moja ndipo habari ikaja ya mzee mmoja wa Nassa, Mzee Lugata, mwenye mashamba ya mpunga na samaki wa kupeleka minadani, anayetaka mkonga na yuko tayari kutoa ng'ombe kumi na sita. Angefika Jumamosi. Alhamisi nikaweka bisibisi kwenye injini, kama kila siku, mpini nyuma ya sikio la kushoto. Nikasikia kitu kinagonga. Chini kabisa, kidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Nikamwita Hamisi. Alisikiliza kwa muda mrefu, akanyamaza.

"Beringi za kreki, ule mhimili unaozunguka ndani," alisema. "Zimeanza kuliwa. Zikibadilishwa sasa, injini imepona. Ikiendeshwa hivi, miezi mitatu, minne, inakufa."

Kaka alikaa juu ya tairi. Beringi zilikuwa za kuagizwa Mwanza, injini ingefunguliwa siku nne au tano, na mnunuzi akikuta injini imelala chini vipande vipande atageuza. Mizani zilikuwa zinaondoka Jumatatu. "Kuna namna," kaka akasema, bila kumtazama mtu. Namna hiyo hata mimi nilishaijua. Unamwaga oili, unatia nzito, unachanganya na ya giaboksi, na mlio huo wa kugonga hausikiki injini ikiwa bado baridi. Hamisi alifuta mikono, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sitaitia." Akaingia ndani ya gereji yake. Kaka akanitazama. Nilitaka anilazimishe, niwe nimelazimishwa. Hakunilazimisha. Nilikwenda mwenyewe nikachukua debe, nikaimimina ile oili nzito kwa mikono yangu, ikashuka polepole kama asali.

Mzee Lugata alifika Jumamosi jua halijapanda, ili alikute gari limelala. Mtu alikuwa amemfundisha. Kabla ya chai, kabla ya kuketi, alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo, akatabasamu. "Ni baridi," alisema. "Nimekuta watu wakweli." Kisha akalizunguka, akapapasa ubavu, akafungua mlango. Liliwaka. Liliguruma kwa upole kama halijawahi kuumwa. Tukampa uji na michembe, naye akaanza kusimulia kwa furaha ya mtu anayenunua. Ng'ombe walikuwa njiani na vijana wake, wangefika mchana. Akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwekea kikombe, akasema, "Ni wa binti yangu, mayu. Holo. Ameolewa mwezi uliopita, mahari yake hata haijazoea zizi langu. Nikasema kuliko walale tu, wafanye kazi."

Wifi alisimama na sufuria mkononi. Kaka alikuwa ananitazama, na machoni mwake niliona ananiachia. Sentensi moja ilitosha: mzee, usilinunue, linagonga. Ningemletea bisibisi, angesikia mwenyewe. Nikamwona Sayi mlangoni, anakula mchembe, anauvuta kwa meno. Nikamwambia Mzee Lugata, "Karibu uji mwingine, baba." Akasema ahsante, akanyoosha kikombe.

Ng'ombe walifika. Jumatatu baba mdogo wa Maduhu akaja akawakagua, akawakubali kumi na tano, tukaitana mashahidi, nikawa nimefunguliwa. Yule wa kumi na sita tulimchinja. Watu walimsifu kaka mpaka akatoka nje. Hakuwahi kulizungumza jambo hilo na mimi, wala mimi na yeye, hadi kuugua kwake.

Hamisi alinipa kazi. Nilipopata fedha za seti ya beringi nilizinunua, nikazifunga kwenye kanga, nikaomba siku mbili, nikaenda Nassa. Miezi mitano ilikuwa imepita. Gari lilikuwa limesimama ubavuni mwa nyumba, kuku wamelala juu ya kiti. Mzee Lugata alinipokea kwa furaha ambayo sikuistahili, akasema lilianza kugonga ghafla akaliacha, gari ni gari. Nikatandika gunia nikaingia chini. Kreki ilikuwa na mikwaruzo, lakini haijaharibika ya kutupa. Nikaipiga msasa mpaka kidole kikapita laini, nikafunga beringi mpya, nikamimina oili nyepesi. Kazi ilichukua siku hiyo na asubuhi ya pili. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na miguu yangu, ananizungumzia ili nisichoke, habari za mpunga, habari za ziwa, na ndipo akasema, kama anavyosema mengine, "Holo alirudi hapa mwezi wa pili baada ya kununua gari, mkono umevunjika. Nikamwuguza mpaka ukaunga, nikamrudisha. Ningefanyaje? Ng'ombe wenyewe ndio hawa uliolala chini yao."

Nilikaza boliti zilizobaki, nikatoka, nikatia ufunguo. Liliwaka mara ya kwanza. Alisimama akacheka, akaita watu waje wasikie, akaniombea kwa Mungu. Nilitaka kumwambia sasa, auze haraka, likiwa zima, akamfuate mtoto wake. Nikamwambia hayo ya kuuza, nikamwambia mara mbili, lakini ile ya kwanza, ya Jumamosi, haikutoka mdomoni. Akasema auze mkonga mzima namna hii, ana wazimu? Mkewe alikuwa ameshatenga ugali na samaki chini ya kivuli, maji ya kunawa yako tayari. Nilinawa mikono, nikawaambia nawahi gari la Bariadi, nikaondoka bila kula.